Mwembe Juu ya Paa: Umwite Mkwezi, Mwenye Shoka au Mwenye Mashine?

Waliorudi Mbau baada ya vita walikuta miti imeota itakavyo. Mapigano ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017, na tarafa hii ya wilaya ya Mocímboa da Praia ilikombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji mwezi Agosti 2021. Familia nyingi zilikaa ukimbizini muda mrefu zaidi ya hapo. Miaka yote hiyo mwembe wa uani haukuguswa, na leo tawi lake limelala juu ya bati jipya. Mwenye nyumba akitafuta fundi, swali la kwanza ni bei, na anayetaja ndogo ndiye anayepewa kazi. Hapo ndipo wengi wanapopunjika, kwa sababu bei inayotajwa mara nyingi ni ya kuangusha tu. Mti ukishalala chini, nusu ya kazi bado ipo, na sasa imekuwa yako.

Tupige hesabu ya mfano. Namba hizi si bei za soko, weka za kwenu. Fundi wa kwanza anataka metikali 1,500 kwa mwembe mmoja, wa pili anataka 2,500. Wa kwanza petroli ni juu yako, anaangusha, anafunga mashine yake, anaondoka. Unatafuta vijana wawili wa kukata matawi na kuyabeba, siku mbili, kila mmoja 200 kwa siku: hiyo ni 800. Kung'oa kisiki 500. Umefika 2,800 na petroli hujaihesabu, wala chakula cha vijana. Wa pili anakuja na mafuta yake, anakatakata gogo, anang'oa kisiki, anapanga kuni ukutani na kukuachia ua umefagiwa. Mwenye bei kubwa ndiye aliyekuwa nafuu. Kwa hiyo fundi akitaja bei, muulize mambo manne palepale: mafuta ya nani, matawi yanakwenda wapi, kisiki kinabaki au kinatoka, na gogo ni la nani. Hilo la mwisho lisipite kimya. Mafundi wengine hupunguza bei kwa sababu wanahesabu kuondoka na gogo, na gogo la mwembe mnene linaweza kuzidi ujira wote ukilipasua mbao.

Lakini kabla ya hayo yote, hakikisha mti ni wako. Katika pwani hii mkorosho au mnazi una mwenyewe aliyeupanda, hata shamba likiwa pori, na mwenyewe huyo huenda bado yuko Pemba, Metuge au Montepuez. Piga simu, uliza wazee wa mtaa, mwite kiongozi awe shahidi. Fidia ya mkorosho wa mtu, pamoja na uhasama wa koo mbili, haina fundi wa kuishusha bei.

Sasa tuwaangalie mafundi wenyewe. Mkwezi ndiye wa gharama ndogo kuliko wote, na kazi yake hasa ni mnazi. Anapanda na panga, anashusha makuti makavu, makarara na nazi zilizokomaa juu ya njia wanapopita watoto. Mara nyingi mnapatana kwa sehemu ya nazi, pesa haitoki mfukoni. Mwambie asiguse makuti mabichi kwa kupendezesha tu, maana ndiyo yanayolisha mikungu. Na asikate kilele: mnazi una chipukizi moja juu, likikatwa mti umekufa, hauchipui pembeni kama mwembe. Mnazi uliokwisha kufa ni habari nyingine. Shina lake linaweza kuwa limeoza ndani huku nje linaonekana zima, na mkwezi akikataa kuupanda, mheshimu. Mti wa namna hiyo huangushwa kutoka chini.

Wenye shoka na panga wanafaa pale penye uwazi, kwa mti usio mnene. Hawahitaji petroli wala vipuri, ila unalipa siku na unalisha watu. Karibu na nyumba siwashauri, isipokuwa wawe na kamba nzuri na mtu anayejua kufunga tawi na kulishusha polepole.

Mwenye msumeno wa mashine, motosera, anamaliza kwa asubuhi moja kazi ya siku tatu, na hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya fundi na fundi. Mashine nyingi za sasa hutaka petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mapigo mawili kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Mnyororo nao una oili yake ya pembeni. Anayemimina kwa kukisia ataua injini, na gharama ile ataihamishia kwa wateja. Akianza kukata, tazama kinachotoka: mnyororo mkali hutupa vipande vipana, butu hutoa unga laini. Ukiona unga, mwambie asimame, atoe tupa, anoe. Mnyororo butu hula petroli, na fundi anapoanza kuusukuma kwa nguvu ndipo msumeno unaporuka.

Mjulishe pia yaliyomo ndani ya mti. Msumari wa kamba ya nguo, waya wa uzio, na katika sehemu zilizopiganiwa, risasi. Huko Ufaransa mashariki, baada ya vita vya 1914 hadi 1918, wenye viwanda vya mbao waliyakwepa magogo ya maeneo ya Verdun kwa sababu ya vyuma vilivyozama humo. Fundi akiharibu mnyororo kwa chuma ulichokijua ukanyamaza, ni haki akudai.

Na muulize swali hili kabla hajawasha: mti utaangukia wapi, na wewe utakimbilia wapi? Fundi wa kweli anajibu bila kufikiri. Atakuonyesha pengo atakalolifungua upande wa kuangukia, kiasi cha robo ya unene wa shina au pungufu, kisha atakuja kwa nyuma na kuacha ukanda mwembamba wa mti usiokatwa, ambao unauongoza mti kama bawaba inavyouongoza mlango. Njia yake ya kutorokea iko kwa nyuma, mshazari. Watu na mbuzi wakae mbali, mara mbili ya urefu wa mti. Fundi anayekata moja kwa moja upande mmoja mpaka mti ulie, hata akifanya bure, mkatalie.

Nakuomba pia ulinganishe kuangusha na kupogolea, maana wengi wanaangusha mwembe ambao ungepona kwa nusu ya pesa. Kimbunga Kenneth kilipopiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019, kikiwa na upepo wa takriban kilomita 220 kwa saa, hofu ya miti iliingia kila nyumba. Hofu hiyo ina haki yake, ila dawa si kukata kichwa. Mwembe uliokatwa kichwa huchipua fimbo nyingi zilizoshikilia juu juu, na baada ya miaka michache hizo ndizo zinazomeguka kwa upepo, nawe unamlipa fundi tena. Bora kupunguza ndani: matawi makavu, yanayosuguana, na lile lililolala juu ya paa, upepo upate pa kupita. Usizidishe robo ya majani kwa mara moja. Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini kidogo, mbali na shina, kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke, halafu kipande kilichobaki kinaondolewa karibu na shina bila kulikwangua. Ukikata mara moja kwa juu, tawi linashuka na gamba la shina. Fanya baada ya mavuno ya embe.

Mkorosho nao upogolewe baada ya mavuno, kabla haujaanza majani mapya. Mikorosho iliyosongamana huzaa kidogo na hushikwa na ubwiriunga kwa urahisi. Nafasi inayopendekezwa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ni mita 12 kwa 12, kwa hiyo katika shamba lililofungana kuondoa baadhi ni faida. Mkorosho mzee unaweza kukatwa ukaacha shina fupi, ukachipua, ukabebeshwa vikonyo vya mbegu bora. Unangoja misimu michache, lakini mizizi tayari unayo.

Mnazi uliokufa usiuache ulale shambani. Chonga, mdudu yule mwenye pembe, hutaga katika magogo na visiki vinavyooza, kisha watoto wake wakikua wanapanda kutoboa minazi mizima. Upasue mbao na boriti kwa sehemu ngumu ya nje, ya chini. Kilichobaki kichomwe au kifukiwe. Ila usichome kichaka ambacho hakijakaguliwa kama kina risasi au mabomu yaliyobaki. Kama palikuwa na mapigano, waulize kwanza wanajeshi au serikali ya mtaa. Tawi lililogusa waya wa umeme ni kazi ya EDM, shirika la umeme; usimruhusu fundi yeyote kulikaribia. Na ukitaka kukata mkongo, mpingo au mti mwingine wa msituni kwa kuuza, uanzie SDAE, ofisi ya wilaya ya shughuli za uchumi, kuuliza kibali.

Mkishapatana, yaandikeni, hata kwenye karatasi ya daftari: mti gani, matawi gani, mafuta ya nani, gogo la nani, bati likivunjika analipa nani, fundi akiumia nani anamfikisha hospitali. Malipo ya awali yawe ya kutosha mafuta na mnyororo tu. Salio litoke baada ya matawi kuondoka na kisiki kufanyiwa kama mlivyokubaliana, na usilipe salio jioni kwenye giza, ngoja asubuhi upande ngazi mkague bati pamoja.