MRI ya Moyo na Vumbi la Buhemba

MRI ya moyo ni kipimo kinachopiga picha kwa sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei. Sumaku yake, kwa kawaida ya tesla 1.5, ina nguvu mara 30,000 hivi ya ile ya dunia. Huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili. Mawimbi yakizitikisa, hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kwa kuwa moyo hautulii, mashine hufuata mapigo yake, na mgonjwa huagizwa kubana pumzi mara kwa mara.

Kipimo cha kwanza cha moyo hubaki kuwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, na ndivyo inavyofaa: ni cha haraka, na vali huonekana vizuri. MRI huhitajika pale eko inapoacha maswali. Mojawapo ni la kovu. Dawa ya gadolini ikichomwa mshipani hukawia penye kovu, napo hung'aa pichani. Kovu lililoanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo mara nyingi limetokana na mshipa ulioziba. Lililo katikati au upande wa nje huashiria ugonjwa wa misuli yenyewe.

Swali jingine linaigusa Buhemba, penye machimbo ya dhahabu wilayani Butiama. Vumbi la mwamba lina silika. Anayelivuta miaka mingi, shimoni au kwenye karasha, anaweza kupata silikosisi: mapafu hukakamaa, shinikizo katika mishipa yake hupanda, na upande wa kulia wa moyo huelemewa. Upande huo una umbo la ajabu, na eko huupima kwa taabu. MRI huupiga picha slesi kwa slesi, kama mkate, kisha hujumlisha ujazo wa damu. Hapo ndipo inapovishinda vipimo vingine.

Lakini MRI ina hatari zake: chembe ya chuma iliyoruka jichoni wakati wa kuchomelea au kusaga vyuma inaweza kuvutwa na sumaku ikaliumiza jicho. Mwenye betri ya moyo au figo dhaifu naye lazima aseme mapema.

Rufaa kutoka Buhemba hupitia Musoma, kisha Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na kwa matatizo makubwa zaidi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mashine peke yake haitoshi. Anahitajika pia daktari aliyezoea kuzisoma picha za moyo. Mchimbaji anayehema kwa shida na kuvimba miguu aanze na eko na eksirei ya kifua, na amweleze daktari miaka aliyofanya kazi shimoni.