Bonasi ya chai na nyumba yako: ufanye mwenyewe, umwite fundi, au utafute mtaalamu?

Kwa mkulima wa chai wa Kericho na Bomet, pesa ya kila mwezi ya majani ina wenyewe tayari: wachunaji, karo, unga, mbolea. Pesa ya kutengeneza nyumba ni bonasi. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hufunga hesabu za mwaka tarehe 30 mwezi wa sita, na bonasi kwa kawaida huwafikia wakulima mwezi wa tisa ama wa kumi. Wiki hizo maduka ya hadiwea kuanzia Litein hadi Sotik hujaa watu, na kila fundi ana kazi tano kwa mpigo.

Shida ni kwamba bonasi huja mara moja, na hakuna anayejua mapema itakuwa ngapi. Mwaka 2025 bonasi za viwanda vingi upande huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa zilishuka, na wakulima wakaandamana. Ukiwa umeshamwahidi fundi pesa ambayo hujaiona, mwaka kama huo unakuacha na nyumba iliyoezuliwa na deni juu yake. Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu mipango: nini kianze, nani aifanye kazi, na pesa itoke vipi kwenye simu yako bila kupotea njiani.

Anza na maji, rangi itangoja

Andika kila kitu unachotaka kubadilisha, kisha upange kwa swali moja: nikiacha hii mwaka mmoja zaidi, itaharibu nini kingine? Paa linalovuja huozesha mbao, hulowesha ukuta na kuharibu godoro. Ukuta wa udongo unaopigwa na maji kutoka juu hauchukui misimu mingi. Lakini sebule ambayo rangi yake imefifia itakungoja tu. Paa na gata zitangulie, kisha kuta na sakafu, halafu milango na madirisha, na mwisho rangi.

Huku kwetu paa lina adui mwingine. Milima ya Kericho na Nandi inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai kwa dakika chache. Ukienda kununua mabati kumbuka kwamba geji huhesabiwa kinyume: namba ikipungua, bati ni nene zaidi. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bei ya geji 32 huvutia dukani, lakini uliza pia itakaa miaka mingapi.

Hesabu mwenyewe kabla fundi hajafika. Chukua nyumba ya mita 9 kwa 6 yenye paa la pande mbili. Ongeza sentimita 60 za kutokeza kila upande: urefu unakuwa mita 10.2. Kama bati moja likishapishana na jirani yake linafunika sentimita 75, unahitaji mabati 14 upande mmoja, yaani 28 kwa pande zote mbili. Urefu wa kila bati unategemea mwinuko wa paa. Hapa ni karibu mita 4. Fundi akikuletea orodha ya mabati 40, una haki ya kumuuliza hayo 12 ni ya nini. Pengine ana sababu nzuri. Muhimu ni kwamba umeuliza kabla ya kulipa.

Paa hilohilo lina eneo la karibu mita mraba 73 likipimwa kutoka juu. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni jioni ya kawaida tu, inaweza kukuletea zaidi ya lita 700 kama una gata na tangi. Kwa hivyo usiikate gata kwenye bajeti ati pesa imepungua.

Nani afanye kazi?

Jiulize: kazi hii ikiharibika, nini kitatokea? Jibu ndilo litakuonyesha mtu wa kuita.

Ikiharibika na hasara ni muda wako tu, ifanye mwenyewe na watu wa nyumbani. Kupaka rangi, kusafisha gata, kuchimba mtaro wa kupitisha maji, kuziba nyufa ndogo, kubadilisha kitasa.

Ikiharibika na hasara ni vifaa, mwite fundi mzoefu. Kuezeka, kupiga plasta, kumwaga sakafu, kuweka milango, kuunganisha mabomba. Ukijaribu paa mwenyewe ili kuokoa leba, msumari mmoja uliopigwa mahali pasipofaa utavuja kila mvua. Na kuanguka kutoka juu ya paa ni hesabu ya hospitali.

Ikiharibika na mtu anaweza kufa, hapo unahitaji mtaalamu mwenye leseni. Kazi hizo ni chache, lakini zijue:

Umeme. Fundi wa umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, na leseni zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Mwambie akuonyeshe. Waya zilizofungwa vibaya ndani ya nyumba ya mbao ni moto unaosubiri siku yake.

Kubomoa ukuta, kuongeza ghorofa au kukata mlima. Ukuta mwingine umebeba paa zima. Na wengi wetu tumejenga kwenye mteremko, ambako kuchimba nyuma ya nyumba ili kupata nafasi ya chumba kunaweza kushusha udongo mvua ikizidi. Muite injinia akague kwanza. Kuongeza jengo au kubadilisha umbo lake pia kunahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kwa hivyo pita ofisi ya mipango ya kaunti, Kericho ama Bomet, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti.

Paa la asbestosi. Nyumba nyingi za zamani bado zina yale mabati ya kijivu mazito. Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006 kwa sababu vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Usiyavunje, usiyakate, usiyatupe shambani. NEMA ina mwongozo wa jinsi ya kuyaondoa na kuyazika, na kazi hiyo hufanywa na watu walioidhinishwa.

Kwa kazi kubwa, kumbuka pia NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Husajili makontrakta katika madaraja manane, NCA 1 hadi NCA 8, na pia huwapa vitambulisho mafundi na wasimamizi wa mjengo. Kitambulisho peke yake hakimfanyi mtu awe hodari. Nenda uone nyumba mbili alizotengeneza, na ikiwezekana uende mvua ikiwa inanyesha. Muulize mwenye nyumba swali moja tu: "Ungemwita tena?"

Makubaliano kwenye karatasi

Fundi wengi wa kwetu ni majirani, na tunaona haya kuandikishana na jirani. Lakini karatasi ndiyo hulinda ujirani. Andikeni kazi yenyewe, nani ananunua vifaa, leba ni ngapi, itaanza na kuisha lini, na kosa likitokea nani atalipia. Mpige sahihi nyote wawili, shahidi awepo, kila mmoja apige picha ya karatasi kwa simu yake.

Kwenye bajeti, tenga vifungu vinne: vifaa, leba, usafiri, na akiba ya asilimia 10 hadi 15. Usafiri husahaulika, lakini lori la mchanga likikwama kwenye barabara ya matope, utalipa watu wa kupakua na kubeba. Akiba ni ya mbao zilizooza ambazo utaziona tu mabati ya zamani yakishatoka.

Lipa kwa hatua

Hapa ndipo wateja wengi hupoteza pesa. Fundi anasema, "Mama, nitumie yote ninunue vifaa mara moja, bei inapanda." Jibu kwa heshima: "Sawa fundi, nipe orodha, nitalipa hadiwea mwenyewe." Vifaa lipia moja kwa moja kwenye till ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa si la duka, simama. Muuzaji akikwambia utume kwa namba yake binafsi kwa sababu "till ina shida", ngoja till ipone. Na uchukue risiti.

Leba igawe kulingana na kazi iliyoonekana. Tuseme mmekubaliana shilingi 40,000 za paa:

8,000 mabati ya zamani yakishatoka na vifaa vikiwa vimefika.
12,000 mbao za paa zikishakamilika nawe umezikagua.
12,000 mabati yote yakishapigwa.
4,000 fashia na gata zikishawekwa.
4,000 za mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza, paa likiwa halivuji.

Hiyo ya mwisho iandikwe wazi kwenye makubaliano, isije ikaonekana umemnyima fundi haki yake. Mvua ndiyo mkaguzi wa kweli.

Kama uko Nairobi ama unaishi kwenye nyumba za kampuni ya chai na unajenga nyumbani, usitume pesa kwa sababu ya simu ya "tumefika mbali". Omba picha au video ya hatua iliyoisha, na umwombe ndugu mmoja apite kuangalia. Kisha lipa. Ujumbe wa kila malipo usiufute: jina, tarehe na kiasi ndivyo ushahidi wako mkikosana. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala yako, ulinganishe na bajeti.

Na fundi yeyote, hata awe binamu yako, hana kazi na PIN yako.

Chagua majira

Kutoka bonasi iingie hadi mvua za masika zianze mwezi wa tatu una dirisha zuri, hasa mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili. Huku mvua haikauki kabisa, kwa hivyo ezueni upande mmoja kwanza, muufunike, ndipo muende wa pili. Turubai liwepo tangu siku ya kwanza.

Bonasi ikiwa ndogo, punguza idadi ya kazi, usipunguze ubora. Fanya paa mwaka huu ulimalize, sakafu mwaka ujao. Na kuanzia mwezi huu weka kando kidogo kutoka malipo ya majani kwenye akiba ya simu iliyofungwa, hata mia tano. Mwezi wa kumi ukifika, utakuwa unaongeza juu ya kitu, hutakuwa unaanza na sifuri.