Mzee anaposahau kama ameswali: vifaa saidizi vya nyumbani

Chukulia una bibi yako huko Mbwawa, Kibaha. Ameswali adhuhuri, mmemuona kwa macho yenu, na baada ya robo saa anauliza kama kumeadhiniwa. Anatia udhu tena, anaswali tena. Jioni anafunga kitita chake cha nguo anasema anarudi kwao, hali ya kuwa nyumba aliyomo ni yake na miembe ya uani aliipanda mwenyewe. Wajukuu wanacheka, mkwe anachoka, na jirani anaanza kunong'ona habari za uchawi. Mwingine anasema ni uzee tu, mwacheni.

Si uzee tu. Kusahau ulipoweka miwani ni jambo la kila mtu. Kuishika miwani mkononi na usijue kazi yake, hayo ni maradhi. Hospitalini hali hii ya kupotewa na kumbukumbu na ufahamu huitwa dimenshia, na maradhi yanayoisababisha zaidi kuliko mengine yote ni Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa wake mmoja aliyefariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimenshia, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Na wala haya si maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta zaidi ya wazee sita katika kila mia wanayo. Kwa kuwa wengi wa wazee wetu hawakusoma shule, watafiti waliofanya kazi huko walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu, na mojawapo ya maswali yake ni kumtaka mzee apange njiti za kiberiti zifuate umbo aliloonyeshwa. Hali ya mtu kufikishwa kwenye umri ambao elimu yake inamtoka imetajwa ndani ya Qur'an, katika Suratun-Nahl aya ya 70 na Suratul-Hajj aya ya 5. Kwa hiyo familia isione aibu, na wala isitafute mchawi.

Dawa ya kuyaponya maradhi haya bado haijapatikana. Zipo za kupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda, na daktari ndiye wa kuzielekeza. Lakini mengi ya kumsaidia mzee apite siku yake kwa usafi na heshima yamo ndani ya uwezo wako. Hayo ndiyo makala hii inayazungumzia: vifaa saidizi. Usiogope jina. Fimbo ni kifaa saidizi, na miwani pia.

Kwanza elewa ubongo unavyopoteza. Alzheimer huanza na yale mapya. Alichokula asubuhi kimeshamtoka, lakini Suratul-Fatiha aliyoifundishwa chuoni akiwa mtoto bado ipo, na mikono yake bado inajua kukuna nazi na kusuka ukindu. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Mtoto aliyeko mjini anamnunulia mama simu kubwa ya kugusa kioo, anamfundisha siku nzima, na kesho yake mama hajui hata kama ana simu. Kifaa kinachomtaka mgonjwa akumbuke kukitumia hakimsaidii. Kinachofaa ni kile kinachofanya kazi chenyewe, au kinachoshikana na jambo alilolizoea miaka hamsini.

Chukua suala la wakati. Mgonjwa hajui kama ni asubuhi au jioni, na hilo humtia hofu kuliko tunavyodhani. Sisi Waislamu tunayo saa isiyohitaji betri wala kufundishwa, nayo ni adhana ya msikitini. Ipange siku ya mzee juu yake: baada ya alfajiri kuoga, baada ya adhuhuri chakula, baada ya alasiri kukaa barazani, kila siku hivyo hivyo bila kubadilisha. Msikiti ukiwa mbali, saa ya ukutani inayoadhini yenyewe itafaa. Kando yake tundika ubao mdogo, mjukuu aandike kila asubuhi kwa chaki, herufi kubwa: leo ni Jumatatu, bibi yuko nyumbani kwake Mbwawa. Kama hasomi Kilatini lakini anasoma Kiarabu, mwandikieni kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizozijua kwanza. Asiyesoma kabisa, mjukuu amwambie kwa mdomo, na asichoke kurudia.

Jua linapozama wagonjwa wengi huchafukwa na roho, wakawa wanataka kwenda kwao. Washa taa kabla ya magharibi, usingoje giza liingie, kwa sababu vivuli huwatisha. Kioo kikubwa kifunike kwa kanga ukiona anagombana na mtu aliyemo ndani yake. Kiredio kinachotumia memori kadi, ukikitia kisomo cha Qur'an cha sauti ya taratibu, huwatuliza baadhi ya wazee kuliko maneno yetu. Wengine hukerwa. Jaribu uone.

Tuje kwenye usafi, ambao ndio msingi wa safu hii. Kutia udhu kwetu sisi ni jambo moja, lakini kwa mgonjwa ni mambo zaidi ya kumi yanayofuatana, na yeye hupotea katikati. Usimwambie "nenda katawadhe" ukaondoka. Weka kigoda kisichoyumba, birika iliyojaa maji ya kiasi, na taulo, kila siku mahali pale pale. Kaa mbele yake utie udhu wako, naye atakufuata. Akikwama, mguse kiungo kinachofuata bila kusema maneno mengi. Kibuyu chirizi kinachofunguliwa kwa kukanyaga kijiti kinawafaa wanaokijua tangu zamani. Kama kimeingia nyumbani jana tu, usitarajie akumbuke kukanyaga.

Katika swala, vipo vidude vya betri na hata misala ya kisasa inayohesabu rakaa kila paji la uso linapogusa chini. Kwa aliyeanza tu kusahau vinaweza kusaidia. Lakini mimi naona njia nyepesi ni kumswalisha jamaa: mjukuu anakuwa imamu, bibi anafuata, na hesabu inakuwa si mzigo wake tena. Ama kuhusu hukumu ya aliyepotewa na akili kabisa, na ya yule ambaye akili yake huja na kuondoka, swala na saumu yake, muulize sheikh wako umuelezee hali halisi. Wengi humlazimisha mzee jambo ambalo sheria yenyewe imemwondolea.

Choo ndicho kinachowaumiza wengi kimya kimya. Mzee anajikojolea, watu wanadhani ameshindwa kujizuia, kumbe amekitafuta choo hakukiona. Katika nyumba zetu nyingi choo kiko uani, mlango wake umefanana na wa stoo na wa jikoni. Mlango wa choo upake rangi kali ya peke yake, na mchana uache wazi ili aone ndani. Kutoka mlango wa nyumba mpaka chooni funga kamba ya katani kwenye nguzo imara, usawa wa kiuno, mkono wake uifuate. Usiku weka taa ya sola ile inayowaka yenyewe mtu anapopita. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Hicho ni kifaa saidizi hasa, kwani hakimuulizi mzee chochote. Kama kuchuchumaa kumekuwa kugumu, seremala wa mtaani atakutengenezea kiti kilichotobolewa katikati cha kuweka juu ya shimo, na pau mbili za kushika ukutani. Kopo la istinjaa liwe na rangi inayoonekana, upande ule ule siku zote. Suruali ya vifungo badilisha iwe ya mpira kiunoni. Kila baada ya saa mbili hivi mpeleke, bila kumuuliza kama amebanwa. Ikifika hatua ya pempasi za wakubwa, zibadilishwe mapema na ngozi ikaushwe, kwani mkojo unaokaa huleta vidonda. Na anayemsaidia awe mwenziwe wa ndoa, au wa jinsia yake na mwenye kuaminika. Stara yake haikuondoka pamoja na kumbukumbu.

Upande wa chakula nitasema moja. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe mgonjwa huenda asiuone vizuri. Uchunguzi mdogo uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, kwa wanaume tisa wenye Alzheimer iliyokomaa, ulikuta kuwa walipopewa sahani na vikombe vya rangi nyekundu iliyokolea walikula zaidi kwa asilimia 25 na kunywa zaidi kwa asilimia 84. Watu tisa ni wachache, lakini sahani nyekundu ya plastiki haina gharama kubwa, nawe unaweza kujionea mwenyewe.

Dawa za hospitali zipange katika kikasha cha vyumba saba, Jumamosi hadi Ijumaa. Ukikikosa, tumia bahasha. Lakini kikasha hicho ni chako wewe unayemtunza, kikae juu mbali naye, la sivyo atameza dawa ya siku tatu kwa mara moja. Na kwa watu wa Pwani nasisitiza hili: salfa na dawa nyingine za mikorosho, mafuta ya taa, na chupa za soda zilizotiwa sumu ya panya, fungia kwa kufuli. Mgonjwa hatambui tena kuwa unga ule si sukari.

Sasa kuhusu kufuli la namna nyingine. Zipo familia zinazomfungia mzee chumbani, au kumfunga kamba mguuni, ili asipotee. Siwalaumu kwa hofu yao. Mzee akishaingia katikati ya mashamba, mikorosho yote imefanana, na barabara kuu ya Morogoro magari hayalali. Lakini nyumba ikishika moto aliyefungiwa hatoki, na kamba huchubua ngozi na kumtia wazimu wa woga. Suratul-Israa aya ya 23 imetukataza kwa wazazi hata neno dogo la kuonyesha kuchoka, itakuwaje kamba?

Fanya hivi. Kwenye mlango ning'iniza njuga au kengele ya mbuzi, ili ukifunguka mtu ndani asikie. Fundi cherehani ashone namba mbili za simu kwenye ukosi wa kanzu, na kwenye pindo la kila kanga, si kwenye kikaratasi cha mfukoni ambacho atakitupa. Nenda mwenyewe kijiwe cha bodaboda, dukani, kwa imamu na kwa mwenyekiti wa mtaa, wajue sura yake na wajue anaumwa nini. Kijana wa bodaboda anayemfahamu bibi ni kifaa kizuri kuliko vingi vinavyouzwa. Halafu kila alasiri mtembeze wewe, kwani aliyekwisha tembea hupungukiwa na hamu ya kutoroka.

Vipo pia vidude vya kuvaa mkononi au shingoni vinavyoonyesha kwa setilaiti mtu alipo. Vimo, pamoja na simu zilizorahisishwa na vikasha vya dawa, katika orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Mwenye uwezo anunue, lakini kabla hajalipa aulize: kinachajiwa kila baada ya siku ngapi na ni nani atakichaji? Kina laini ya simu, na vocha italipwa na nani? Mtandao unafika mashambani? Kilichozima chaji kimelala kifuani mwa mzee hakimtafuti mtu.

Jambo moja lisicheleweshwe. Kama mzee alikuwa mzima juzi na leo ghafla anaropoka, hajui watu, au amelala tu hashtuki, hiyo si Alzheimer, ambayo huja polepole kwa miezi na miaka. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, kiharusi, au dawa mpya aliyoanza. Mwahishe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wa Kibaha hospitali ya rufaa ya mkoa ni Tumbi. Ulizia dirisha la wazee. Hata kwa yule aliyeanza kusahau taratibu, kipimo cha kwanza kifanywe hospitali, kwa sababu upungufu wa baadhi ya vitamini, matatizo ya tezi ya shingo na huzuni kubwa navyo huleta usahaulifu, na hivyo vinatibika.

Unapompeleka, chukua daftari. Andika ameanza lini, nini kilitangulia kumtoka, anatumia dawa gani zikiwemo za miti shamba, na analalaje usiku. Daktari akimuuliza bibi mwenyewe atajibiwa kuwa yeye hana shida yoyote, na atasema hivyo kwa tabasamu na heshima zote, halafu atamuuliza daktari kama kumeadhiniwa.