Fahamu: Ngoma iliyotoweka kwenye bendera ya Burundi

Rumonge, mji wa mawese na dagaa kando ya Ziwa Tanganyika, ulipata mkoa wake mwaka 2015. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ikawa 5, nao ukaingia mkoa wa Burunga. Katika mabadiliko hayo bendera ya nchi haikuguswa, ingawa nayo imepitia mengi. Iliyopandishwa Julai 1, 1962 ilikuwa na Karyenda, ngoma ya mwami (mfalme), pamoja na mmea wa mtama. Novemba 1966 Waziri Mkuu Micombero alipouangusha ufalme, ngoma iliondolewa. Mtama ukabaki peke yake, kama shamba lisilo na mwenyewe. Machi 1967 mahali pake zikaja nyota tatu nyekundu zenye ukingo wa kijani: Umoja, Kazi, Maendeleo. Wengine husoma humo Wahutu, Watutsi na Watwa.