Mkorosho: Mbegu, Mche wa Kitaluni au Kukata Mti Mkongwe?

Masika yakikaribia, mwenye shamba wa Tezo, Roka au Chonyi, kaunti ya Kilifi, anayetaka korosho ana njia tatu: kupanda mbegu, kununua mche uliobebeshwa (uliounganishwa na kipandikizi cha mti mwingine), au kukata mkorosho mkongwe na kuubebesha upya. Gharama zake zinatofautiana, na iliyo kubwa zaidi mara nyingi ni miaka ya kungoja.

Tabia ya mti

Mkorosho, au mkanju, asili yake ni Brazili. Wareno waliusambaza hadi Afrika Mashariki katika karne ya 16. Jenasi yake, Anacardium, ni ya ukoo mmoja na mwembe. Huko Amerika mkorosho una ndugu wa kila kimo: Anacardium excelsum hupita mita 30 msituni, ilhali Anacardium humile ni kichaka tu. Wetu ni wa wastani, lakini matawi yake hutanda sana, kwa hiyo unahitaji nafasi.

Tabia mbili zinamgusa mnunuzi. Kwanza, kishada kimoja hubeba maua ya kiume pamoja na yenye jinsia zote mbili, na wadudu huchukua chavua kutoka mti hadi mti. Ndiyo maana mbegu ya mti unaozaa sana yaweza kutoa mtoto mvivu. Pili, mzizi mkuu huzama chini mapema na haupendi kusumbuliwa.

Mbegu

Hii ndiyo njia rahisi kwa mfuko. Chagua korosho nzito za mti unaozaa vizuri, zitie majini, uchukue zinazozama. Panda moja kwa moja shambani ili mzizi usiguswe. Mavuno huanza baada ya miaka mitatu hadi mitano, na hujui utakachopata mpaka mti uzae.

Mche uliobebeshwa

Hapa unalipia uhakika: kipandikizi hubeba tabia ya mti mama, na mche huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Ukipanda kwa mita 12 kwa 12, ekari huchukua miti 28 hivi. Tuseme mche unauzwa shilingi 150: ekari itakula shilingi 4,200 kabla ya usafiri, mashimo na samadi. Ongeza michache ya kuziba mapengo.

Kitaluni, kagua kiungo kama kimeshikana sawasawa. Kataa mche ambao mizizi yake imejikunja ndani ya mfuko au kutoboa chini. Uliza pia mti mama ni upi. Muuzaji asiyejua anakuuzia bahati nasibu kwa bei ya uhakika.

Kukata mkongwe

Mti mkongwe usiozaa vizuri, lakini wenye shina zima, hukatwa kwenye kimo cha mita moja hivi, kisha machipukizi yake hubebeshwa. Mizizi iko tayari, basi huhitaji shimo wala mche, na matawi yaliyokatwa ni kuni za kuuza. Utamlipa fundi wa kubebesha, na utakosa mavuno ya mti huo kwa misimu miwili hivi. Shina lililooza au kuliwa na wadudu lisikutie gharama, ling'oe.

Gharama isiyokwepeka

Njia zote tatu zinadai palizi, kupogoa na salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa unaoua maua machanga. Nafasi kati ya miche michanga ipande kunde au muhogo, shamba lichangie gharama zake.

Uamuzi

Kwa shamba tupu, nunua miche iliyobebeshwa, hata kama fedha inatosha nusu ekari tu mwaka huu. Mwenye mikorosho mikongwe akate theluthi moja kila awamu, asikose korosho za kuuza. Mbegu mwachie asiye na fedha kabisa, naye akumbuke kupanda mbili au tatu kila shimo na kubakiza mche wenye nguvu. Fika kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, Mtwapa, au kwa afisa kilimo wa wadi yako, uulize kuhusu miche kabla ya kulipa hata shilingi moja.