Utambuzi wa Kifurushi Kinachotoa Faili Mahususi katika Linux: Mfano wa Debian

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua kifurushi cha programu kinachotoa faili fulani katika mfumo endeshi wa Debian. Suala hili lina uzito katika utafiti, kwa kuwa ni vigumu kurudia jaribio kwenye kompyuta nyingine iwapo haijulikani mafaili yaliyotumika yalitoka katika kifurushi gani na toleo lipi. Hoja kuu ni kwamba jibu hutegemea kumbukumbu inayoulizwa. Kwa hiyo, kukosa jibu si ushahidi kwamba faili halina asili.

Kumbukumbu ya kwanza ni ya vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa. Kifurushi kinaposakinishwa, orodha ya mafaili yake huhifadhiwa katika saraka ya /var/lib/dpkg/info, na amri ya dpkg -S hupekua orodha hizo pekee. Kumbukumbu ya pili ni faharasa za hazina nzima ya Debian, ambazo hupekuliwa kwa apt-file baada ya kupakuliwa kwa amri ya apt-file update. Kwa mfano, mtafiti anayejenga programu kutokana na msimbo wake akaarifiwa kuwa zlib.h haipo, hatasaidiwa na dpkg -S, kwani faili hilo bado halijasakinishwa. Akitumia apt-file search zlib.h, atakuta miongoni mwa majibu kwamba /usr/include/zlib.h hutolewa na kifurushi cha zlib1g-dev.

Hata hivyo, yapo mafaili yanayoonekana kwenye kompyuta ilhali hayamo katika orodha yoyote. Amri ya dpkg -S /usr/bin/awk haileti jina la kifurushi, kwa sababu awk ni kiungo tu kinachoundwa wakati wa usakinishaji ili kuelekeza kwenye programu iliyochaguliwa. Amri ya readlink -f hufuata kiungo hicho hadi mwisho wake, mathalani /usr/bin/mawk, na hapo dpkg -S hutaja kifurushi cha mawk. Vilevile, /etc/passwd huundwa wakati wa kusimika mfumo, wala haimo katika orodha ya mafaili ya kifurushi chochote.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba mtafiti afuate viungo kwanza, aulize kumbukumbu zote mbili, kisha aandike katika ripoti yake jina la kifurushi pamoja na toleo lake.