Kila Kaya na Hatua Zake

Siku ya kwanza ya kuchimba mtaro wa bomba la maji kijijini kwetu, tulijitokeza watu zaidi ya arobaini, kila mtu na jembe au sururu yake. Hadi saa sita mchana mtaro ulikuwa haujafika hata kwenye mwembe wa shule. Wachache walichimba, wengi tuliegemea mipini tukipiga soga. Nami nilitegea. Sikuwa mgonjwa wala mchovu. Nilijua tu kwamba sururu yangu isipoinuka, hakuna atakayegundua.

Kutegea hakukuanzia kwetu. Miaka ya 1880, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba. Walipokuwa wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyokuwa nayo akivuta peke yake. Je, ni kwa sababu hawakuvuta kwa mpigo mmoja? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwaaminisha kwamba nyuma yao wenzao wanavuta, kumbe hakuna anayevuta. Bado walilegeza mikono.

Mwaka 1981, watafiti Williams, Harkins na Latané waliwapigisha watu kelele katika vikundi. Walioamini kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa hawakutegea. Walipaza sauti kama walivyofanya wakiwa peke yao.

Nayaamini hayo kwa sababu ya siku yetu ya pili. Mzee mmoja alikuja na kamba na vigingi, akapima hatua nne kwa kila kaya, na kila kigingi akakitajia mwenyewe. Watu walewale, udongo uleule; saa nne asubuhi mwembe tulishaupita. Jirani yangu, kitenge kiunoni, alimaliza kipande chake, akahamia cha bibi anayeishi peke yake, bila kuambiwa na mtu.

Tunapenda kuwaita wanaotegea wavivu na kuwatoza faini. Tuanze kwa kuwaonyesha hatua zao, iwe ni kazi ya kikundi darasani au kamati ya harusi: nani anashughulikia nini, na kwa jina.

Maji yalifika. Nikipita njia ile hadi leo, najua hatua zangu nne zilipo.